Cheusi au cha Kahawia

Baba Tumpe mpenzi,

Jana nimepiga muziki katika nyumba yenye msiba wako. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na watu, maana huko uliko sijui habari zinafika kwa njia gani, lakini za mtaa wetu wa Ilomba zinafika kokote.

Arobaini yako bado. Dada yako Tusajigwe yuko hapa tangu tulipokuzika, analala chumba alichokiacha Tumpe, anakaa matanga na mimi kama inavyotakiwa. Siku ile ile ya mazishi alichukua mashuka akafunika spika zako mbili, akafunika ampu, akafunika na kompyuta, akasema humu ndani redio haifunguliwi mpaka ndugu warudi tuanue matanga. Sikubisha. Nani alikuwa na hamu ya muziki? Nilikuwa nikipita sebuleni naziona spika zimesimama na shuka zao, naona kama nazo zimefiwa.

Aliyeniponza ni Mzee Jivan wa Iringa.

Unakumbuka tulivyokwenda kumwona mama yangu, ukasema unapita dukani kwake kwa mitambo ya muziki, dakika moja tu? Nilikaa kwenye stuli mpaka karanga nilizomnunulia mama nikazimaliza mwenyewe. Wewe na yule mzee mlikuwa mmeinamia meza mnanong'ona kama wachumba. Mwisho ukatoka na visanduku viwili, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia, kila kimoja kikubwa kama Biblia ya mchungaji. Umelipia kimoja, kingine umepewa kwa kuaminiwa. "Kigeuzi hakichaguliwi dukani, Mwalimu," alikuambia. "Kasikilize kwenye spika zako. Kimoja kirudi." Halafu akanigeukia akaniaga kwa Kihehe kizuri kuliko chako, wewe mkwe wa Iringa wa miaka yote hiyo.

Njiani nikakuuliza hivyo visanduku vinageuza nini. Ukafurahi. Ulikuwa ukiulizwa jambo la mitambo unakaa sawasawa kwenye kiti kama uko mbele ya darasa. Ukaniambia ndani ya kompyuta hamna wimbo, mna namba tu, na kigeuzi ndicho kinachozisoma zile namba zikawa sauti. Nikasema, kama namba ni zile zile, basi na sauti ni ile ile, ya nini kuhangaika? Ukacheka. "Nota za kwaya si ni zile zile? Mbona ukiimba wewe na akiimba Mama Eliya hatusikii kitu kimoja?" Nikanuna mpaka Mafinga, kwa sababu sikujua nani kati yetu umemsifu.

Hukuwahi kuchagua. Kila Jumapili baada ya ibada ulivifunga kwenye mtambo, ukaniita. "Njoo, Mama Tumpe. Funga macho. Hiki... na hiki. Kipi?" Mimi nimesimama mlangoni na mwiko, maharage yako jikoni. "Zote sawa tu." Wakati mwingine nilijibu hata ubeti wa kwanza haujaisha. Ukasema hamna shida, tutarudia Jumapili ijayo. Hukuwahi kukasirika. Afadhali ungekasirika, leo ningekuwa na kitu cha kukulaumu nacho.

Sasa juzi Mzee Jivan amepiga simu, akanisalimu kwa Kihehe chake. "Kamwene, mama. Pole tena." Akalia kidogo, nikalia kidogo. Kisha kwa aibu akasema kuna padri wa huko kwao anasubiri kile kitakachorudi, na anaondoka wiki hii kwenda parokia ya mbali. Nimwambie tu Mwalimu alichagua kipi.

Nikamwambia nitamjibu. Wifi alikuwa anachambua mchele, akasikia yote. "Wifi, rudisha vyote viwili. Mwenye masikio yake keshaondoka. Wewe utavifanyia nini?" Hakusema kwa ubaya, unamjua dada yako. Lakini ilinichoma, kwa sababu mimi mwenyewe kwa mdomo wangu nilikuwa nimekuambia kila Jumapili kwamba sina masikio hayo. Na nikaona wazi kwamba nikirudisha vyote, nitakuwa nimesema "zote sawa" mara ya mwisho, na safari hii hakuna Jumapili ijayo.

Basi jana wifi akaenda sokoni Mbalizi kutafuta maharage na mafuta ya shughuli yako. Nilimsindikiza mpaka getini na uso wangu wa msiba. Alipokata kona, nikarudi ndani nikafunua shuka kama mwizi.

Nilidhani nitashindwa kuviunganisha. Kumbe ulikuwa umeviacha vyote vimefungwa tayari, unageuza swichi tu kutoka kimoja kwenda kingine. Na kwenye kitufe cha sauti cha ampu nikaona nukta mbili ndogo nyekundu. Rangi yangu ya kucha! Nimeitafuta chupa ile mwezi mzima, nikamshuku mpaka mtoto wa jirani, maskini. Pembeni ya kila nukta umekwaruza herufi, C ya cheusi na K ya kahawia, nikakumbuka ulivyowahi kusema kwamba kinachopiga kwa nguvu zaidi siku zote kinaonekana kizuri zaidi, kwa hiyo kabla ya kuvishindanisha sharti uvilinganishe. Ulikuwa umevilinganisha. Ulikuwa umebakiza mtu wa kusikiliza tu.

Nilikusudia kupiga kwa chini chini, Mungu anajua. Lakini kwa chini vilikuwa sawa kweli, sikusikia kitu. Nikajiambia, kama ni dhambi, basi iwe dhambi yenye faida. Nikapeleka kitufe kwenye nukta.

Nikaweka wimbo wako wa siku zote, ule uliorekodi mwenyewe kanisani, kwaya yetu tukiimba taratibu kuhusu nyumba ya Baba, mimi nikiwa sauti ya pili. Nikaanza na cha kahawia. Nikafunga macho kama ulivyotaka. Baba Tumpe, ni kitamu. Sauti zote zimekaa pamoja, laini, hakuna inayomsukuma mwenzake. Nikaona nimepata, hiki hapa.

Nikageuza kwenye cheusi. Mwanzoni sikuona tofauti, na moyo ukaniuma. Halafu nikasikia mtu anafunua karatasi. Nikasikia benchi linalia. Nikasikia besi wanavuta pumzi wote pamoja kabla ya kiitikio. Na pale kwenye kiitikio nikajisikia mimi. Nimewahi. Wenzangu hawajaingia, mimi nimeshaingia, "Nyu—", nimekata, nimewasubiri, tumeendelea. Ndipo nikajua kwa nini kila mara wimbo ulipofika pale ulitabasamu, ukaniangalia pale mlangoni na mwiko wangu. Nilifikiri unatabasamia mtambo.

Nilicheka. Kwa sauti, peke yangu, na kitambaa cha msiba kichwani. Ndicho kicheko cha kwanza tangu uondoke, na kilinitoka kwenye matanga yako mwenyewe. Nikaziba mdomo na ncha ya kanga. Halafu, nisamehe, nikarudisha wimbo mwanzo nijisikie tena.

Sasa sikia kilichotokea. Wimbo uko katikati, hodi ikabishwa mlangoni; nikazima mtambo, nikavuta shuka, nikafungua. Mama Eliya, ana kitabu cha nyimbo kwapani. Nyuma yake wanajumuiya wanne, mmoja amebeba bakuli la unga, mwingine amejitwisha benchi. Mama Eliya uso umemshuka. "Mama Tumpe, ibada imeanza bila sisi? Tumesikia kwaya toka kule barabarani. Hatukuambiwa, mama, tungewahi."

Walidhani kuna watu humu ndani. Walidhani kwaya nzima imekuja kunifariji. Walipokuta sebule tupu, wakaamini masikio yao yamewadanganya, ni mimi nilikuwa naimba.

Ningesema. Maneno yalikuwa hapa kwenye ulimi. Lakini walikuwa wameshaingia na benchi limeshatua, na Mama Eliya ameshaanza kufunua kitabu, na mimi nikasema, "Karibuni, tuendelee." Tuendelee! Wakaimba, wakaomba. Mama Eliya akamshukuru Mungu kwa ajili ya mjane huyu ambaye hata akiwa peke yake hakuacha kusifu. Niliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Wakaona nalia, wakazidi kuomba.

Ukadhani yameisha? Tusajigwe akarudi na gunia lake, akakuta sebule imejaa. Akatua mzigo, akapiga magoti hapo hapo mlangoni. "Ndaga fijo, ndaga fijo," aliwashukuru mmoja mmoja mpaka akawasindikiza nje. Aliporudi akanishika mikono yote miwili. "Wifi, nilikufikiria vibaya. Nilisema moyoni, huyu Mhehe machozi yake yako mbali. Kumbe unambeba kaka yangu hivi."

Hapo ndipo iliponishinda. Baba Tumpe, nimekaa na dada yako siku zote hizi tukila sahani moja, nikaona siwezi kulala naye nyumba moja na sifa ile juu yangu. Nikafunua shuka. Nikamwambia yote: muziki, nukta, kicheko, ibada iliyokuwa si ibada.

Nikangoja aniambie atakachowaambia ndugu zenu wakija. Mwisho akajifunga kanga upya, akakaa kwenye kiti chako, kile ambacho hajakikalia mtu.

"Viwashe, nisikie."

Nikaviwasha. Nilisimama pale pale ulipokuwa unasimama wewe, mkono kwenye swichi. "Funga macho, wifi. Hiki..." Nikaacha ubeti mzima upite. "Na hiki." Nikamtazama usoni kama mtoto anayesubiri matokeo. Nilitaka asikie benchi. Nilitaka asikie karatasi, na besi wakivuta pumzi, na mimi nikiwahi. Sijawahi kutaka mtu asikie kitu kama nilivyotaka jana.

Akafungua macho. "Sauti za huko kanisani zimenigusa, wifi. Lakini vyombo mi naona zote sawa tu."

Alikuwa amejitahidi, wala sikumlaumu. Akaniona nilivyo, akasema nisijali, ndugu wakija hawataambiwa kitu, kisha akaenda jikoni kuangalia maharage. Mimi nikabaki na mkono kwenye swichi.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa kwako. Kila Jumapili. Na bado ulikuwa unasema hamna shida.

Leo asubuhi nimempigia Mzee Jivan, nikamwambia Mwalimu amechagua cheusi. Nimekusingizia, lakini sidhani kama nimekosea sana. Sitakuficha, masikio yangu yalikipenda cha kahawia. Kilinisamehe. Nimewahi, nacho kikanifunika, hakuna aliyejua. Ningekaa nacho raha mustarehe mpaka uzeeni. Lakini kilipopiga, nukta kwa nukta, dirisha wazi, hakuna jirani aliyenyanyuka. Na pale ulipokuwa ukitabasamu, kwenye cha kahawia wimbo unapita tu, kama hapana kitu. Kimefungwa kwenye boksi, kesho kinakwenda Iringa kwa padri. Yeye ana kazi ya kusamehe, kitamfaa.

Mama Eliya bado sijamwambia. Nitamwambia, ila nipe muda, maana atacheka jumuiya nzima isikie, na mimi bado nina kitambaa kichwani.

Shuka nimeirudisha juu ya spika, nimeikunja vizuri kuliko dada yako. Arobaini ikipita nitaifunua mchana kweupe. Itakuwa Jumapili, baada ya ibada. Nitaepua maharage kwanza, niweke mwiko chini, nije mpaka kwenye kiti. Najua kimebaki kimoja, lakini niulize tu kipi, mume wangu. Safari hii nitaacha wimbo uishe ndipo nijibu.

Mkeo aliyewahi,
Mama Tumpe