Mguu Uliotangulia kwa Mama Yako

Alunguli, Kindu, 1992

Mwanangu Mwanahamisi,

Pokea salamu zangu kule Bruseli. Mvua iko mingi, na mbuzi za jirani yetu Waziri zimemaliza sombe yangu yote, majani ya muhogo niliyopanda. Nimemugombeza sana.

Umeandika kwamba huko munganga anaingiza mrija mudogo wa waya ndani ya mushipa wa mguu ulioziba, damu inapita tena, basi ningoje unitafutie njia. Mwanangu, barua yako imekawia. Mguu wangu ulishakuwa mweusi, wakaukata kwenye hospitali.

Huyo Waziri njo aliuosha, akaufunga sanda, akauzika kando ya kaburi la mama yako, kama desturi yetu.

Usilie. Mama yako sasa hayuko peke yake. Mimi njo niko peke yangu.

Baba yako,
Kasimu