Utani wa Kilio Mbele ya Jaji

Kikula, Likasi

Yaya Feliste,

Naitangazia familia yote ya Kalemie, walio nyumbani na walio safarini, kwamba mimi mdogo wako Anselme, kwa mara ya kwanza tangu nibatizwe, nimevaa kravate. Ni ya buluu, ina mistari. Nimeiazima kwa kiongozi wa kwaya, naye alinifunga mwenyewe, kwa nguvu, kama anayefunga mbuzi. Habari nyingine zote za barua hii ni ndogo kuliko hiyo, ila nitakuandikia hivyo hivyo.

Kwanza nyinyi. Goti la mama limetulia? Paa lilivumilia mvua? Sisi huku tupo. Umeme unakuja ukijisikia, nami bado natengeneza redio na simu za watu pale sokoni. Ninazoshindwa nazo nasema zimezeeka.

Kravate ilikuwa ya korti. Usishtuke, na mama usimsomee mpaka uwe umefika mwisho. Sikushtakiwa. Niliitwa kuwa shahidi.

Unamkumbuka Dodo, fundi wa kupaka rangi, jirani yetu aliyekuchekesha siku ya ubatizo wa mwanangu mpaka ukamwaga chai? Yuko gerezani, mwezi wa tatu sasa. Wanasema alimuua Papa Ilunga, mzee wa pensheni wa kule Shituru. Mzee alikutwa mchana ndani ya uwanja wake, amepigwa chuma kichwani. Dodo ni mjukuu wake, kwa upande wa kaka wa mzee. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, maana kwenye kilio wajukuu wana kazi yao. Unaijua.

Bwana jaji haijui. Ametoka mbali, magharibi kabisa, na nadhani kwao wafiwa wanalia tu.

Siku ya mazishi nilikuwa palepale, nimechuchumaa nyuma ya spika iliyokataa kuimba. Tulikuwa tunangoja mwili. Dodo akatoka ndani amevaa koti la marehemu na kofia yake ya kazi, akajilaza mkekani katikati ya wamama, akapiga kelele:

"Ni minye nilimuua! Alininyima kuku! Muniletee kuku, ao leo hamutamuzika!"

Watu wakacheka. Mjane naye akacheka, machozi bado yanamshuka, akampiga na kitambaa. Shangazi mmoja akaleta kuku, Dodo akainuka, tukaenda makaburini. Kama kila siku.

Ila Mama Vero, jirani wa mzee, hakucheka. Tangu aingie kwenye chumba cha maombi cha walokole, utani wa kilio kwake ni kazi ya shetani. Polisi walipopita wakiuliza, aliwaambia alichosikia. Na mbele ya jaji akakirudia, ameshika Biblia kubwa kuliko ya padri.

"Minye siongeze neno, sipunguze neno. Alisema, ni minye nilimuua. Nilisikia na masikio yangu yote mawili."

"Alikuwa anacheka, mama?" akauliza avoka wa Dodo, wakili kijana aliyepewa na korti, ambaye dosye, faili la kesi, alikuwa ameipata asubuhi ileile.

"Shetani naye anachekaka, maître."

Shida, yaya, ni kwamba yule mama hakusema uongo hata nukta.

Dodo alipopewa nafasi akasema, "Bwana jaji, siku mzee alipokufa nilikuwa mbali, Mulungwishi, napaka rangi madarasa ya shule. Nilisaini asubuhi, nikasaini jioni." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ni Dodo, unamjua. Hata akiomba maji ya kunywa watu wanangoja aongeze kitu. Brigitte, mke wake, hakucheka. Alikaa mbele yangu, mtoto mgongoni, na magotini bakuli la bukari, ugali wetu, la kupeleka gerezani. Nilitazama mgongo ule nikaelewa kravate yangu ina kazi.

Nikaitwa. Mwendesha mashtaka akaniuliza kama maneno yale niliyasikia.

"Niliyasikia. Niliyasikia tena kwenye kilio cha mama mkwe wangu. Na cha mwalimu wa katekisimu. Na cha mzee mmoja aliyekufa kwa sukari, kitandani, hospitali. Kote aliyasema."

"Kwa hiyo unaiambia korti kwamba ameua watu wanne?"

Nikaanza kutoka jasho chini ya ile mistari. Nikaeleza kwamba mjukuu, wa damu au wa kuitwa tu, ndiye peke yake anayeruhusiwa kumchokoza maiti, ili wengine wapate kupumua. Jaji alinisikiliza kwa heshima, kama unavyomsikiliza mtu anayekueleza ndoto yake. Halafu akasema:

"Tuonyeshe."

"Bila mkeka, bwana jaji?"

"Bila mkeka."

Basi nikasimama wima, mikono chini, nikasema kwa sauti ya kusoma katekisimu: "Ni mimi nilimuua. Alininyima kuku." Hakuna aliyecheka, yaya. Hata mimi sikuona utani uko wapi. Grefye, mwandishi wa korti, mtu wa bidii sana, akainamisha kichwa na kuandika. Nilikuwa karibu, nikasoma: jina langu kamili, nukta mbili, "ni mimi nilimuua".

"Papa grefye, ile ni ya Dodo!"

"Dodo aliisema kwenye kilio," akajibu bila kuinua macho. "Weye umeisema hapa."

Jaji akaamuru iongezwe "kwa mfano". Sasa niko ndani ya karatasi za serikali.

Nje Mama Vero alinishika mkono. "Anselme, minye nilisema tu ukweli."

"Najua, mama."

"Kama ni utani, mbona jaji hakucheka?"

Nikalegeza kravate. Akamtazama Brigitte aliyekuwa anaelekea gerezani, akamfuata, akambebea bakuli. Hukumu tutaisikia, sisi wa Kikula hatujui imeegemea wapi, na Brigitte haulizi.

Nisalimie baba mdogo wa cherehani, na shangazi wa ndagaa, umwambie wa mwisho walifika wazima. Shemeji mwalimu naye, ila asinirudishie barua hii imesahihishwa kwa wino mwekundu. Mama mpe mkono wangu, shika wake kidogo zaidi. Mkono umechoka, naishia hapa.

Mdogo wako,
Anselme, fundi redio, muuaji wa mfano

Nimefungua tena bahasha, treni ya msafiri atakayekuletea barua imechelewa. Leo asubuhi Dodo ameachiliwa. Jaji hakutaja kilio, wala kuku, wala mimi. Aliyemuua mzee bado hajulikani. Karatasi ya ile shule ya Mulungwishi, yenye sahihi za Dodo za asubuhi na jioni, Brigitte aliipeleka ofisini kwa mwendesha mashtaka wiki ya kwanza. Ilikuwa ndani ya dosye muda wote, ukurasa wa pili.