Muhogo Wenye Haukuonjwa Shambani

Mujukuu wangu Neema,

Mimi tate yako nakusalimia toka Mubi. Tuko wazima, mama yako amepona malaria, na mbuzi amezaa mapacha.

Umeniuliza kwa nini ordinateri, ile kompyuta yako, inapokea programu yako, inaianza vizuri, kisha katikati inakataa: hapa nilitaka namba, umenipa neno. Unataka kujua kama lugha ya programu yenye kukagua yote mbele ya kuanza njo bora.

Muhogo mutamu na ule muchungu inafanana kwa macho, lakini muchungu usipolowekwa iko sumu. Mama yangu alikuwa anaonja kila muhogo shambani mbele ya kuutia ndani ya kitunga. Siku tulikimbia vita kuelekea Itebero, aling'oa tu, akatia yote. Jioni, chungu kikichemka, njo akaonja.

“Muchungu!”

Akamwaga yote. Tukalala njaa.

Nikamuuliza, “Mama, mbona haukuonja shambani?”

“Ningeonja, tungekuwa tungali kule.”

Mpaka leo ninawaza jibu lile. Sasa uniambie, Neema: ukiwa unaandika programu, kuna mutu anakufukuza? Kama hakuna, mimi ningeonja shambani.

Tate yako