Misa Yako Ilikuwa Alhamisi

Dada Nekesa,

Nimekuandikia mara mbili nikafuta. Wewe ndiye uliyenifundisha kufuta, kwa hiyo usinilaumu. Leo naandika mpaka mwisho, hata ikitoka vibaya, maana nina neno la kukuambia na limenikaa kifuani tangu tulipokuzika.

Kaka yako Wandera hakukuona ukizikwa.

Ulipofariki alikuwa na lori lake huko Gulu. Mwanzo tulipanga misa ya kukuaga iwe hapa mjini, kanisa la Nsambya, siku ya Ijumaa. Kisha wazee wa kwenu Busia wakataka uzikwe mapema, misa ikarudishwa nyuma hadi Alhamisi. Kwenye tovuti ya shirika letu tangazo la msiba wako lilikuwa na kurasa mbili, kwa sababu idara ya utumishi waliandika lao na watu wa zahanati wakaandika lao. Utumishi walibadilisha siku. Wa zahanati hawakugusa kitu. Wandera akasoma lile la zahanati, simu ikamzimikia njiani, na Ijumaa asubuhi akaingia kanisani na suti yake akamkuta mama mmoja anapiga deki. Alipofika Busia jioni, kaburi lilikuwa limeshafunikwa.

Unajua aliniambia nini? "Nilisoma kwenu, Hawa. Dada alikuwa anasema kitu kikishatoka pale, kimehakikiwa." Alisema bila hasira. Afadhali angenitukana.

Bambi, pole dada yangu. Wewe. Miaka yote ile ofisini Bukoto unapiga kelele kwamba jambo moja liwe na ukurasa mmoja, na kila ukurasa uwe na mwenyewe. Walikucheka. Walisema Mkenya huyu anapenda sheria kuliko polisi. Nakumbuka siku ulipokuta kurasa nne za chanjo za watoto, kila moja na saa zake za kufungua. Ukaziweka kwenye skrini mkutanoni, ukauliza, "Mwenyewe nani?" Ukauliza tena. Meneja mmoja akasema zote ni za shirika. Ukavua miwani, ukasema, "Basi si za mtu," ukaenda zako kunywa chai. Nilikufuata, tukacheka mpaka chai ikakupalia. Nilikuwa bado mgeni kazini, sikujua kwamba ulikuwa karibu kulia.

Wiki iliyofuata mazishi, bosi alitaka tunyamaze dakika moja kwa heshima yako. Nikakataa. Ndiyo, mimi, yule mtoto wa Kinubi uliyekuwa unamsukuma aongee. Nikawaambia tumenyamaza vya kutosha, kisha nikawaeleza habari za Wandera, zote, mpaka suti. Hakuna aliyeniangalia. Siku hiyohiyo sheria zako zikapita, zilezile walizoziita vikwazo: jambo moja, ukurasa mmoja, jina la mwenye ukurasa liandikwe chini, mtu wa pili asome kabla haujatoka, na kila tangazo liwe na siku yake ya kuondolewa. Tumefuta kurasa nyingi tangu hapo. Watu wa zahanati wananinunia. Yule meneja sasa anabisha hodi kuuliza kama anaruhusiwa kuweka picha yake. Ungefurahi. Mimi sifurahi. Nina hasira nao, kwamba ilibidi ufe kwanza ndipo wakusikie, na hata wewe nina hasira nawe kidogo, kwa kuniachia kiti hiki cha kusimamia tovuti.

Kisha ikafika siku ya kuliondoa tangazo lako. Lilikuwa limebaki moja tu, lile la kweli, lenye picha yako umevaa gauni la kijani. Mwenzangu akasema liache, nani atalalamika? Wandera naye alikuwa ameniomba nisilitoe. Huwa akiegesha lori anafungua tangazo, anakuangalia. Nilishinda na jambo hilo siku nzima.

Jioni nikampigia. Nikamwambia picha nimemtumia, awe nayo mwenyewe, lakini tangazo lazima liondolewe, na kabla halijaondolewa nataka nimsomee. Nikasoma polepole: jina lako lote, kwenu, kazi uliyoifanya, misa Alhamisi Nsambya, mazishi Busia. Kwenye Alhamisi nikakwama, ikabidi nirudie. Nikasikia malori yanapita upande wake. Halafu akasema, "Haya, sasa nimemuaga. Litoe, mdogo wangu."

Nikalitoa, Dada Nekesa. Nikazima kompyuta, nikalia palepale mezani kwako.

Pumzika sasa. Kurasa zako zote zina jina langu chini, nami nitazisoma moja moja, hata zile ulizokuwa unasinzia ukizisoma. Nakuahidi, siku yoyote itakayoandikwa humo itakuwa siku ya kweli.

Mdogo wako,
Hawa