Chumba cha Mvuke Sikibomoi

Igoma, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua unaisoma hii karibu na moto, na miwani yako ya kanisani. Baridi ya huko inaumaje? Kifua kimeachia? Sisi ni wazima, ila mikono yangu ndiyo iliyoleta maneno yote haya.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika, "Sara, bomoa hicho kitu kabla hakijakuletea balaa." Mama, nakuheshimu, lakini sikibomoi.

Aliyekuletea habari ni binamu Tito, aliyelala hapa siku moja tu. Sasa sikia kutoka kwangu. Unajua kazi yangu kiwandani ni kukata minofu ya sangara, mikono kwenye barafu kutwa. Mwaka huu vidole vilifika mahali pa kushindwa kufunga kifungo cha blauzi. Fundi wa mitambo, mzungu wa Finland, aliniona nikivipulizia, akanionyesha picha ya sauna ya kwao: chumba cha mbao, jiko, juu yake mawe ya moto. Unayamwagia maji, unakaa kwenye mvuke. Nilicheka. Kumbe wazungu nao wanajifukiza! Si wewe uliyekuwa ukinifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi?

Nikaamua kujenga yangu uani. Jiko la umeme nililikataa, maana mgao wa umeme hapa hauna adabu. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea la kuni kwa nusu pipa. Mbao nilichagua za paini, zilizotoka huko kwetu. Kwenye mawe ndipo nilipokosea. Niliyapenda ya ufukweni, laini, nikayabeba mwenyewe. Siku ya kwanza yalipopata moto, paa! paa! Nikatoka mbio na khanga moja, macho mekundu kwa moshi, na majirani wamejaa uani, Tito akiwa mbele yao. Huku mwanamke mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na watu hawasemi kwa utani.

Mume wangu Masanja aliokota kipande cha jiwe akakitazama. "Mke wangu, nani anatoa mafiga ziwani? Limekunywa maji hili, lazima lipasuke." Niliona aibu, mama, kwa sababu hayo ulinifundisha nikiwa mdogo. Tukapanda kilimani nyuma ya nyumba, tukachukua mawe makavu. Mpaka leo hayajapasuka.

Maneno bado yapo. Jirani yetu Mama Neema akiniona anavuka barabara. Avuke tu, barabara ni pana. Mimi kila Jumamosi naingia, natoka, naanika khanga yangu mchana kweupe. Wewe njoo ukae humo mara moja. Ukitoka bado unataka kibomolewe, sululu nitakupa mwenyewe.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake, dada yangu mkubwa na watoto, na bibi, umwambie mjukuu wake hajawa mchawi. Tito mwambie aje tena, safari hii akae wiki nzima.

Halafu mama, tazama mwandiko huu. Barua ya Pasaka aliiandika Masanja, nami sikukwambia kwamba kalamu ilikuwa imenishinda. Hii hakuna aliyenisaidia hata nukta.

Ni mimi mwanao, kwa mkono wangu,
Sara