Kamanda na Mama Yake Marwa

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Goti la bibi yako limepata nafuu, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Unauliza kuhusu ile tamthilia uliyonionyesha wakati wa likizo, ya kamanda wa chombo cha angani aliyefunga mlango huku askari wake wakiwa nje. Unasema alitii amri tu, sasa mbona anajilaumu? Mimi namwelewa.

Ujanani nilisimamia duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, hapa Matongo. Asubuhi moja baada ya mvua, mchimbaji wangu Marwa aliniambia, "Kaka, udongo umelowa. Tungoje ukauke." Lakini mwenye duara alishaagiza kazi isisimame, nikamwamuru ashuke. Ukuta uliporomoka, tukamtoa akiwa ameshakufa.

Wenzangu walitangulia msibani kwao Marwa, Gorong'a, wakasema Marwa alikaidi, akashuka mwenyewe. Maneno hayo yalininyima usingizi. Siku ya tatu nilikwenda kwa mama yake.

"Mama, Marwa alikataa. Mimi ndiye niliyemshusha."

"Kumbe mwanangu hakuwa mkaidi," akasema, ndipo akalia.

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuomba. Alinipa jembe, tukapalilia mihogo yake mpaka adhuhuri. Nilirudi kupalilia kila msimu hadi alipofariki, na mwaka wa nne alianza kuniwekea chakula.

Babu yako anayekukumbuka,
Chacha