Mashujaa Waliokufa Itsandra

Magoudjou, Moroni
Jumatano, 1988

Mdogo wangu Idarousse,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na mama, na dada yetu Roukaya na watoto wake. Mguu wa mama unaendeleaje? Uliniandikia kwamba siku hizi anashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, nami tangu hapo kila nikipanda ngazi za msikiti namkumbuka. Mfikishie kwezi yangu, salamu ya mtoto kwa mzazi wake, na umwombe asinisahau katika dua zake. Sisi huku tu wazima wa miili. Shemeji yako Chamsia anakusalimu sana, na anauliza kama utaoa mwaka huu au bado unamngojea yule binti wa mfalme wa kwenye televisheni.

Nimesema wazima wa miili kwa sababu roho yangu haijatulia hata kidogo. Barua hii sikuitia posta. Anakuletea Bibi Maanrifa, shangazi yake Chamsia, anayevuka bahari kuja huko Mutsamudu kwa harusi, naye hajui kilichomo. Isome peke yako. Na kabla hujafika mbali, inuka ufungue dirisha la chumba cha chini. Lifungue kabisa, mabao yote mawili, uliache hivyo.

Najua umekunja uso. Nakijua chumba hicho vizuri kuliko wewe, maana nililala humo kabla yako. Nyumba ni ya mama na kesho, kama ilivyo ada yetu, ni ya binti yake Roukaya. Mimi na wewe tangu tulipobalehe tulikuwa watu wa chini, kama wavulana wote wa mji. Kichochoro ni chembamba, mwanamke akipita amejifunika shiromani yake karibu aguse mabao ya dirisha, na vijana waliokaa ndani dirisha likiwa wazi wataambiwa wanachungulia. Ndiyo maana wewe na Moindjié na Ibouroi mkikaa kucheza Ijumaa baada ya sala mnafunga. Ni adabu tu. Mtu wa Mutsamudu akiona dirisha lile limefungwa anasema humo ndani mna watoto waliolelewa. Mzungu akisikia habari hiyo anafikiri kitu kingine kabisa, na Mzungu ameshaisikia. Ameisikia kwa sababu yangu.

Tulia, nitakueleza kwa taratibu, usije ukaruka ukaenda kwenye mstari wa mwisho kama ulivyozoea.

Unakumbuka binamu yetu Soidri alipokuletea mashine ile kutoka Marseille, ya kuchomeka kwenye televisheni. Uliniandikia barua ndefu kuliko zote ulizowahi kuniandikia, na haikuwa na neno moja juu ya mama. Ilikuwa panga na majoka, mapango, na jinsi ya kubonyeza kitufe shujaa akaruka shimo. Nilicheka. Nilimwambia Chamsia kwamba mdogo wangu mwenye ndevu amerudi utotoni. Mungu akanijibu upesi, kwa sababu haukupita muda mrefu nikaangukia humohumo, tena mimi niliyekwisha kuota mvi.

Chanzo chake ni Kiingereza changu cha Unguja. Siku moja alikuja dukani kwa tajiri wangu Mzungu mmoja kuulizia makasha yake, akanikuta nasoma maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa ubavuni mwa sanduku. Ni mmoja wa wale mamluki wanaomlinda rais, ambao tangu mwaka sabini na nane wanaingia na kutoka katika nchi hii kama nyumbani kwa mama zao. Huyu anaitwa Rene. Si mtu mbaya akiwa peke yake. Ni mtu wa kukosa la kufanya. Aliniuliza nimejifunza wapi. Nikamweleza kwamba tulizaliwa Unguja na nikasoma huko mpaka Wangazija walipoambiwa si wenyeji tena, nasi watoto wa baba wa Mutsamudu tukahesabiwa Wangazija kama wengine. Hilo halikumshughulisha. Alichotaka ni kwamba ana kompyuta katika nyumba aliyopanga Itsandra, na ndani yake mna mchezo wa mashujaa ulioandikwa Kiingereza kitupu, naye Kiingereza hajui.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa msomaji wa Mzungu. Jumapili alasiri napanda teksi mpaka Itsandra, nakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kioo chenye maandishi ya kijani, namsomea kwa Kifaransa: mmefika kwenye mlango wa chuma, kuna harufu ya uvundo, mtafanya nini? Yeye anafikiri, mimi naandika kwa herufi. Hakuna picha za maana, Idarousse, ni mistari tu ya ukuta, lakini nakuapia niliyaona mapango yale kuliko ninavyoiona njia ya kwenda kazini. Baada ya muda alinizoea hata akawa ananiachia nicheze peke yangu huku yeye amelala kibarazani na chupa yake.

Ndipo ubishi wetu ulipoanza, nami sitasema uongo, barua zile zilikuwa furaha yangu. Wewe ulisema yako ni bora kwa sababu ina rangi na muziki, na watu wanne wanaweza kukaa pamoja wakashangilia, hata Roukaya akipita na sinia anasimama kuangalia. Mimi nikakujibu kwamba mchezo wa kubonyeza ni wa vidole, wangu ni wa akili. Nikakucheka kwamba mashine yako hata jina la mtu haiwezi kulibeba, ina nafasi ya herufi nne tu, shujaa wako mzima anaitwa Idar. Yangu mtu anaandika jina lake lote, na la baba yake pia. Na jambo nililojivunia kuliko yote ni kifo. Kwako shujaa akianguka shimoni unabonyeza kitufe, anainuka anajifuta vumbi. Kwangu akifa amekufa. Mashine yenyewe inalifuta jina lake kwenye diski, na hakuna wa kulirudisha. Nilikuandikia kwamba huo ndio mchezo wa wanaume. Maneno hayo natamani ningeyameza.

Sasa nifike panapouma. Mchezo ulipotutaka tuunde kikosi, Rene hakuwa na jina hata moja kichwani, akaniachia. Nami ningeweka majina ya nani? Nilijiweka mimi mbele, Chanfi Combo. Baada yangu nikakuweka wewe, Idarousse Combo, mwenye upanga. Nikamweka Moindjié na jina la baba yake, Ibouroi na jina la baba yake, na Soidri nikamfanya mganga. Nilifanya kwa mapenzi. Niliwakumbuka tu, nikaona nikiwa huku peke yangu katika mji wa watu, angalau humo ndani tunatembea pamoja. Unapotutaja watu wa kwetu unatutaja na baba zetu, vinginevyo umemtaja nani?

Na Rene nilimsimulia. Tulikuwa tunabishana juu ya mashine yako na yake, nikamwambia mdogo wangu na wenzake wanakaa Mutsamudu, Ijumaa baada ya sala, chumba cha chini, dirisha limefungwa, wanacheza mchezo kama huu. Nilijipalia makaa huku nacheka. Yeye pia alicheka, akasema siku moja angependa kuja kuiona.

Jumapili iliyopita alikuja mkubwa wake. Ni mtu mrefu, hana salamu. Alikuja kumchukua Rene kwa shughuli yao, akasimama nyuma ya kiti changu akitazama kioo. Kikosi kilikuwa kimepumzika, majina yote yamejipanga: mimi mbele, nyinyi nyuma. Aliuliza hawa ni nani. Kabla sijafungua kinywa Rene alijibu, kwa furaha kabisa, kwamba ni ndugu yangu na rafiki zake wa Mutsamudu, wanaokutana kila Ijumaa wamejifungia. Alidhani anasimulia kichekesho. Yule mkubwa hakucheka. Aliuliza wanakutana kufanya nini. Rene akasema kucheza. Aliuliza tena, safari hii akiniuliza mimi, kwa nini watu wanaocheza wafunge dirisha. Nilimweleza habari ya kichochoro na wanawake, nikaona jinsi maneno yangu yanavyoanguka chini hata hayamfikii. Wewe unajua hali ilivyo, unajua watu waliodhaniwa wanapanga njama wakachukuliwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Walikuwa wamechelewa, akaamuru mashine isizimwe, atarudi kunakili majina hayo. Akatoka na Rene, gari likaondoka.

Nikabaki peke yangu na kioo. Kuivunja diski kungekuwa kukiri, na kuzima mashine kusingesaidia kitu, maana majina yamo ndani yake. Lilibaki jambo moja tu, na ni lile nililokuwa nakutambia.

Nilikiamsha kikosi nikakipeleka kwenye kisima cha chini kabisa, mahali ambapo mimi na Rene tulikuwa tukipakwepa tangu mwanzo. Nilimtanguliza Soidri, akatumbukia. Mashine iliniuliza kama nitarudi kumtafuta, nikaandika hapana. Nikamtanguliza Ibouroi. Nikamtanguliza Moindjié. Kila mara iliniuliza, kila mara nikaandika hapana, na jina likafutika, mstari ukabaki mtupu. Halafu tukabaki mimi na wewe. Utaniona mjinga, mtu mzima mwenye watoto. Nilikaa nikilitazama jina lako nikashindwa. Nilikukumbuka ulivyokuwa umenishika shati siku ile tulipoondoka Unguja, ulivyokataa kuniachia hata tulipofika. Niliposikia mlio wa gari barabarani ndipo nilipoandika. Uliingia kisimani, mashine ikaniuliza kama nitarudi kukutafuta, na nikaandika hapana. Nililia, Idarousse. Nililia kama niliyefiwa.

Yule mkubwa aliporudi na Rene alikuta jina moja tu kwenye kioo, Chanfi Combo. Akauliza wengine wako wapi. Nikamjibu wamekufa, na katika mashine hii wafu hawarudi. Rene alithibitisha, tena kwa kusikitika, kwa sababu kikosi kile alikipenda. Mkubwa akaniuliza majina yao. Nikasema nilikuwa nikiyabuni, leo hili kesho lile, siyakumbuki. Akaniuliza juu ya chumba cha Mutsamudu.

Hapo ndipo lilipo lile ambalo nimekuwa nikilizungukazunguka tangu mwanzo wa barua hii. Nilimwambia hakuna chumba. Nilimwambia nilimdanganya Rene ili nimshinde katika ubishi wetu. Kisha akaniuliza, je, na huyo ndugu yako? Nikamwambia sina ndugu. Nilisema mama yangu alizaa mtoto mmoja wa kiume, naye ni mimi. Nilimtazama machoni nikalirudia. Nimekukana, mdogo wangu, kwa ulimi huu, mchana kweupe, mbele ya watu wasiomjua baba yetu.

Hakuniamini sana. Amenitaka niende kambini kwao Jumamosi asubuhi na nisiondoke Moroni kabla ya siku hiyo. Nitakwenda. Chamsia anajua, na nimewaambia wajomba zake. Lakini wewe nisikilize kwa makini. Ukisikia lolote juu yangu, usije. Usipande mashua, usipande ndege, usimtume mtu kuniulizia kwa jina lako. Nimesema sina ndugu, na ndugu akitokea, tumeangamia wote wawili. Na Ijumaa hii chezeni kama kawaida, lakini dirisha likiwa wazi na televisheni igeuzwe kuelekea nje. Mwombe mama awaarifu majirani ili wanawake wasione vibaya. Waite wazee wakae kibarazani watazame majoka yenu. Akija mtu kuangalia, akute mji mzima unacheka.

Nimalizie hapa, maana Bibi Maanrifa ameshavaa viatu na ananisubiri mlangoni. Msalimie Roukaya na watoto, msalimie Moindjié na Ibouroi bila ya kuwaambia kwamba walikufa. Mama mwambie mimi mzima, nina kazi nyingi tu, na mbusu mkono kwa niaba yangu. Ukishasoma, ichane vipandevipande.

Na katika ule ubishi wetu umeshinda wewe. Mashine yako ni bora. Kama ina nafasi ya mtu mmoja zaidi, nitie na mimi humo, hata kwa herufi nne. Na nikianguka, Idarousse, ubonyeze.

Mimi kaka yako wa baba mmoja na mama mmoja,

Chanfi Combo